Leo Nasikia, Kesho Sisikii: Majibu kwa Barua Zenu

Nilipogusia kwenye safu hii kwamba usikivu wangu uliharibiwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, sikutarajia barua nyingi namna hii. Nimezisoma zote. Nyingine zilinirudisha kwenye mwaka wangu wa kwanza wa ugonjwa, ile miezi niliyokuwa nalala nikiogopa nitaamka nimebakiwa na kiasi gani cha kusikia. Nimechagua maswali yanayojirudia, nikayafupisha. Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa mwaka wa 11 sasa, nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki nyingi na nimeuliza maswali mpaka wauguzi wakanizoea. Dozi na uamuzi wa tiba ni vyako na daktari wako. Mengine nitakwambia kama ndugu.

Swali: Dada, daktari ameniambia kinga ya mwili wangu inalishambulia sikio la ndani. Kinga si ndiyo inayotulinda? Imefikaje huko? Na kwa nini nimepimwa damu ya kila kitu, mpaka kaswende? (Mwalimu, miaka 38)

Jibu: Pole, mwalimu. Ndani kabisa ya fuvu, nyuma ya ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu, kuna koklea: kimfereji kilichojiviringa kama ganda la konokono, mizunguko miwili na nusu, chote kikiwa na ukubwa wa punje ya njegere hivi. Kimejaa majimaji, na humo zimepangwa seli zenye vinywele zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme wa kupelekwa kwenye ubongo. Kwa binadamu, seli hizo zikishakufa hazioti tena.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba sikio la ndani limejitenga na kinga ya mwili, kama chumba ambacho askari hawana ufunguo wake. Mwaka 1979 daktari mmoja wa Marekani, Brian McCabe, aliandika kuhusu wagonjwa 18 waliokuwa wanapoteza usikivu, ambao walipata nafuu walipopewa dawa za kutuliza kinga. Hapo ndipo wengi walipoanza kukubali kwamba njia ya kuingia ipo. Kinga hukosea, ikaziona sehemu za sikio, au mishipa midogo ya damu inayolilisha, kuwa ni adui. Kwa baadhi yetu ugonjwa hukaa sikioni peke yake. Kwa wengine sikio ni mlango mmoja tu wa ugonjwa mpana zaidi, kama lupasi (kinga hushambulia viungo vingi vya mwili), baridi yabisi, ugonjwa wa Sjögren (unaokausha macho na kinywa) au uvimbe wa mishipa ya damu.

Kinachoutambulisha zaidi ni mwendo wake. Uziwi wa uzee huchukua miaka. Uziwi wa ghafla humkuta mtu ndani ya saa 72, na mara nyingi ni sikio moja. Huu wetu huenda kwa wiki na miezi, huanza na sikio moja ukahamia na la pili, na katikati yake hupanda na kushuka, wiki hii unasikia ndege dirishani, wiki ijayo husikii mlango ukigongwa.

Kuhusu damu: hakuna kipimo kimoja cha kukwambia ndiyo, ni huu. Daktari anaondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine. Kaswende inaweza kuuiga ugonjwa huu karibu kila dalili, nayo ina dawa yake, kwa hiyo kuipima ni kukutendea haki. Usiudhike. Picha ya MRI nayo ni ya kutafuta uvimbe kwenye neva ya usikivu. Baada ya hapo dawa yenyewe huwa sehemu ya uchunguzi: ukitumia prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, kwa wiki kadhaa na kipimo cha usikivu kikapanda, daktari anapata sababu ya kuamini kwamba kweli ni kinga.

Swali: Jumatatu niliamka sikio la kushoto limeziba na linavuma. Nimeambiwa ni mafua, nisubiri lizibuke. Leo ni siku ya nne. (Hakuandika jina)

Jibu: Huyu nilimjibu siku ileile aliponiandikia. Naweka jibu hapa kwa ajili ya mwingine atakayeamka hivyo kesho.

Usisubiri. Nenda leo kwa daktari wa masikio, pua na koo, na useme kwa maneno haya: "Nimepoteza usikivu ghafla, nahitaji kupimwa usikivu." Dawa ya steroidi inafanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, na nafasi ya kuokoa usikivu hupungua sana wiki mbili zikishapita.

Kuna jambo unaloweza kulifanya ukiwa kwenye foleni. Funga mdomo, guna "mmm" kwa sauti ya chini. Sauti ikienda upande wa sikio lililoziba, huenda ni nta au majimaji ya mafua. Ikikimbilia upande wa sikio zima, shida huenda iko ndani kwenye koklea au neva. Haichukui nafasi ya vipimo, ila itakusaidia kusisitiza usirudishwe nyumbani na dawa ya matone. Mimi nilirudishwa na matone. Nilidondosha wiki tatu nzima, asubuhi na jioni, kwa uaminifu kabisa, na sikio lile halikurudi kamwe kama lilivyokuwa. Ndiyo maana naandika kwa ukali hapa.

Swali: Naanza wiki ya tatu ya prednisoloni, vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi. Usikivu umerudi karibu wote! Lakini uso umevimba, silali, na nawafokea watoto kwa jambo dogo. Kwa kuwa nimepona, naweza kuacha? (Mama wa watoto watatu)

Jibu: Mama, nimefurahi nawe, na nakuomba sana usiache ghafla. Juu ya figo zako kuna tezi ndogo zinazotengeneza homoni ya aina hiyohiyo. Ukimeza steroidi nyingi kwa wiki kadhaa, tezi hizo hulala. Ukikata dawa siku moja, mwili unabaki bila ya dukani na bila ya kwake: presha inashuka, unatapika, unaweza hata kuzimia, na watu wamewahi kufa hivyo. Inashushwa kwa ngazi, na ngazi hizo anazipanga daktari.

Hasira na kukosa usingizi ni dawa, si wewe. Waambie watoto hivyo hivyo, kwamba mama anakunywa dawa inayomfanya awe mkali na itapunguzwa. Mimi nilimwambia wangu akiwa na miaka sita, akawa ananiuliza asubuhi, "Leo ni vidonge vingapi?" Meza vyote asubuhi baada ya kula. Uliza kuhusu sukari na presha, zipimwe, maana dawa hii inaweza kuamsha kisukari kilichokuwa kimelala. Ukiitumia kwa muda mrefu, mifupa na macho navyo viangaliwe. Na kabla ya chanjo yoyote mwambie mhudumu unatumia steroidi, kwa sababu chanjo zenye vimelea hai hazikufai wakati huu.

Sasa lile gumu. Kwa wengi wanaoitikia dawa, usikivu huweza kushuka tena dozi inapopunguzwa. Omba upimwe usikivu kila mnaposhuka ngazi kadhaa, usisubiri mpaka mwisho. Na wapo ambao dawa hii, baada ya kuwasaidia mara mbili au tatu, huja kupungua nguvu. Madaktari huongeza dawa nyingine za kutuliza kinga ili wakupunguzie steroidi, lakini ushahidi wake kwa sikio peke yake ni mdogo. Methotreksati ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa waliokuwa wameshapata nafuu kwa prednisoloni, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha haikulinda usikivu kuliko kidonge kisicho na dawa. Bado inaweza kukufaa kama una ugonjwa wa viungo pamoja na sikio. Ukipewa, kumbuka kwa magonjwa haya inamezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Watu wamedhurika vibaya kwa kukosea hapo. Na kama unatarajia kupata mtoto, sema kabla ya kidonge cha kwanza, maana inaharibu mimba.

Swali: Nina lupasi. Masikio yamekuwa na mlio kama wa panzi usiku kucha. Mlio huu utanitia wazimu? (Msomaji)

Jibu: Hautakutia wazimu, ingawa saa nane za usiku inaweza kuonekana hivyo. Ubongo uliozoea kupokea sauti ukinyimwa, hujaza pengo wenyewe. Kinachosaidia ni kutoukalia kimya: feni, redio ya sauti ya chini, maji yanayochuruzika kwenye simu. Wengi wetu mlio hupungua makali tukivaa kifaa cha kusaidia kusikia mchana. Kama unakunyima usingizi kwa wiki nyingi, tafuta mtaalamu wa saikolojia anayefanya tiba ya kubadili fikra na mazoea. Tiba hiyo haiondoi mlio, inaondoa hofu ya mlio, na nimeona inavyowarudishia watu usingizi.

Jambo jingine: andika dawa zako zote kwenye karatasi na umpelekee daktari. Kwinini, aspirini ya dozi kubwa, sindano za gentamisini, furosemidi, zote zinaweza kugusa sikio. Hata haidroksiklorokwini ya lupasi, ingawa ni kwa nadra. Usiiache mwenyewe. Uliza kwanza.

Swali: Jicho langu moja ni jekundu, linauma, na mwanga unalichoma. Masikio yalianza kuvuma wiki iliyopita. Yanahusiana?

Jibu: Yanaweza kuhusiana, na usichelewe. Kuna ugonjwa unaoitwa kwa jina la David Cogan, daktari wa macho aliyeuelezea mwaka 1945, unaoshambulia macho na sikio la ndani kwa pamoja au kwa kufuatana. Pata daktari wa macho na wa masikio wiki hiihii, na kila mmoja mwambie habari za mwenzake. Ugonjwa huo kwa baadhi ya watu hugusa pia mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kwa hiyo usishangae wakikupima na moyo.

Swali: Nimenunua vifaa vya kusikia kwa fedha nyingi. Mwezi huu vinanipigia kelele, mwezi ujao havitoshi. Fundi anasema ni vizima. Nimevifungia kwenye droo. (Mstaafu)

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Fundi anasema kweli, na wewe unasema kweli. Vifaa vilipangwa kwa odiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, ya siku moja, na masikio yetu hayakai siku moja mahali pamoja. Vitoe kwenye droo. Rudi kwa mtaalamu wa usikivu ukamwambie kwamba usikivu wako unabadilika kwa sababu ya kinga, kisha muulize mambo mawili: kama kifaa kina nguvu ya akiba iwapo utashuka zaidi, na kama anaweza kukuwekea mipangilio miwili au mitatu, wa siku nzuri na wa siku mbaya, uwe unaibadilisha mwenyewe kwa kitufe. Vifaa vya kidijitali hupangwa upya kwa kompyuta, huhitaji kununua vingine kila mara.

Nitakueleza ninavyofuatilia ya kwangu. Dada yangu alinirekodia kwenye simu maneno 20, moja moja, kwa sauti yake ya kawaida. Kila Jumapili asubuhi nakaa kwenye kiti kilekile, sauti ya simu ikiwa kwenye kipimo kilekile, nasikiliza kwa kulia kisha kwa kushoto. Mpangilio wa maneno nauchanganya ili nisikariri. Naandika idadi niliyoipata kwenye daftari. Nikiwa na 17 wiki moja na 11 wiki inayofuata, sibishani na nafsi yangu wala sisubiri mwenzangu aniambie naongea kwa sauti kubwa, napiga simu kliniki. Daftari hilo limewahi kunipatia miadi ya siku ileile, kwa sababu mpokeaji alipouliza "umejuaje imeshuka?" nilikuwa na namba za kumsomea.

Na kama muziki umegeuka mbaya, masikio mawili yakisikia noti moja kwa kimo tofauti, kama waimbaji wawili wasioelewana, jua kwamba hilo nalo ni la ugonjwa. Mimi nilidhani kwaya ya watoto wetu imeharibika. Niliacha kwenda kuwasikiliza kwa mwaka mzima kabla ya kuelewa kwamba waliokuwa hawaelewani ni masikio yangu.

Swali: Mke wangu amepoteza usikivu kwa ugonjwa huu. Nampenda, lakini nachoka. Nikirudia jambo mara tatu nasema "basi, achana nalo". Juzi alilia. Sijui nifanye nini. (Mume)

Jibu: Kaka, asante kwa kuandika. Hili neno "achana nalo" nataka nikueleze linavyosikika upande wetu. Watu wanacheka mezani, nauliza kuna nini, naambiwa "aah, si kitu". Labda kweli ilikuwa si kitu. Lakini nimeshafungiwa mlango, na aliyenifungia ndiye mtu wangu wa karibu kuliko wote. Hata kama jambo ni dogo, mwambie. Mpe lile dogo.

Sasa kazi ya mikono. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba. Kisha mama. Kisha papa. Umeona? Midomo inafanya kitu kimoja mara tatu. Mke wako akikutazama midomo anabahatisha kati ya mzazi wa kiume, mzazi wa kike na samaki, na lazima aamue kabla hujafika neno linalofuata. Herufi za nyuma ya kinywa kama k na g hazionekani kabisa. S na f, ambazo ni nyembamba na za juu, kwa wengi wetu ndizo za kwanza kupotea masikioni. Sita na tisa zina herufi zilezile, basi usimwambie saa ya miadi kwa mdomo peke yake ukiwa umeelekea mlangoni. Mwonyeshe kwa vidole au mwandikie.

Usimpigie kelele. Sikio la ndani lililoumia lina ajabu hii: sauti ndogo halizisikii, lakini sauti kubwa humuumiza kama zamani au zaidi, nafasi ya katikati ndiyo iliyobanwa. Ukipaza, midomo nayo inajipinda na uso unaonekana wa hasira. Badala yake mfuate alipo, mguse bega, mwanga uangukie uso wako na si wake, zima televisheni, kisha mtajie kwanza habari yenyewe: "Kuhusu safari ya kesho." Akishajua mnazungumzia nini, nusu ya maneno atayajaza mwenyewe. Asiposikia mara ya pili, usirudie sentensi ileile, ibadilishe. "Tutaondoka alfajiri" ikishindikana, sema "kabla jua halijachomoza".

Na jioni mwache. Kusikiliza kwa juhudi siku nzima kunachosha mwili, kichwa kinauma kama cha mtu aliyefanya mtihani kuanzia asubuhi. Akinyamaza saa mbili usiku hajakununia. Kaeni tu.

Wewe pia unachoka, na una haki ya kusema. Mwambie siku ambayo hamjagombana, mkiwa mmekaa uso kwa uso. Kubalianeni ishara ya "nimechoka, nitakuandikia". Sisi nyumbani tunagusa mfuko wa shati, maana yake nitachukua simu nikuandikie.

Swali: Kazini nawaficha. Naitikia, natabasamu, nacheka wakicheka. Naogopa wakijua nitaonekana siwezi kazi. (Karani, miaka 29)

Jibu: Mdogo wangu, nimefanya hivyo miaka miwili. Siku moja mwenzangu aliinama kwenye meza yangu akaniambia jambo kwa sauti ya chini. Nilishika "mama" na "jana" tu. Nikatabasamu, nikamwambia, "Vizuri sana, hongera." Uso wake ulibadilika. Alikuwa ananiambia mama yake amelazwa jana, hali ni mbaya. Nilikuja kuelewa mchana, kutoka kwa mtu mwingine. Nilimfuata nikamweleza kila kitu, masikio na uwongo wote wa tabasamu zangu, nikiwa nalia. Alinisamehe. Ila naukumbuka ule uso kila nikijisikia kuitikia nisichokisikia.

Kazi haikuharibiwa na masikio yako. Huharibika pale unapotekeleza maagizo ambayo hayakutolewa. Huhitaji kueleza ugonjwa wote. Tafuta sentensi moja uizoee mdomoni. Yangu ni: "Nina ugonjwa wa masikio, naomba unitazame ukiongea, na namba uniandikie." Iseme mapema, kabla ya kosa, kwa sauti ya mtu anayeomba dirisha lifunguliwe. Kwenye vikao kaa mahali unapoona nyuso zote, ukiipa ukuta mgongo, na upande wa sikio bora uelekee watu. Omba ajenda mapema na muhtasari baadaye. Simu nyingi siku hizi zina programu inayogeuza maongezi kuwa maandishi papo hapo. Inakosea majina na lugha za mchanganyiko, lakini inakuokoa ukipoteza mada. Waambie wenzako kabla ya kuiwasha, kwa heshima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa ajili ya usikivu uliopungua. Yamkini hata hapo ofisini kwenu kuna mwingine anayeitikia kwa tabasamu.

Swali: Nikitembea gizani nayumba kama mlevi. Mchana siko hivyo.

Jibu: Sikio la ndani ndilo pia chombo cha mizani ya mwili. Likiumia, mwili huegemea macho, na giza likiingia unakosa vyote viwili. Weka taa ndogo njiani kwenda msalani, vaa viatu vya soli ngumu kidogo, usiogelee peke yako wala usipande ngazi ya kuegemeza. Na ulizia mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefundisha mazoezi ya mizani. Mwanzoni yanazidisha kizunguzungu. Vumilia, ubongo unajifunza polepole.

Swali: Masikio yote mawili yamefika mahali vifaa havinisaidii tena. Daktari ametaja kipandikizi cha koklea. Kinga yangu haitakishambulia? Nisubiri dawa mpya itoke? (Baba, miaka 45)

Jibu: Kwa nilivyojifunza, na kwa nilivyoishi, usisubiri kwa ajili ya ndoto. Kinachoshambuliwa zaidi kwetu ni koklea, na neva yenyewe mara nyingi hubaki inafaa kazi. Kipandikizi ni uzi mwembamba wa umeme unaoingizwa ndani ya konokono ile, unaziruka seli zilizokufa na kuigusa neva moja kwa moja. Watu wenye ugonjwa wetu hufanya vizuri nacho. Kuna sababu ya kutochelewa: uvimbe wa muda mrefu unaweza kuifanya koklea kujaa mfupa ndani, hasa kwa wenye ugonjwa wa Cogan, na mfereji ukiziba uzi haupiti vizuri. Muulize daktari picha zinaonyesha nini. Uliza pia kuhusu chanjo ya nimonia kabla ya upasuaji, kwa sababu mwenye kipandikizi ana hatari kidogo zaidi ya homa ya uti wa mgongo, na kuhusu dawa zako za kinga na kupona kwa kidonda. Ujue pia kwamba usikivu wa asili uliobaki upande huo unaweza kupotea.

Mimi ninacho kulia. Siku kilipowashwa sikusikia watu, nilisikia milio ya vyuma, kama mtu anagonga vijiko ndani ya bomba. Nilirudi nyumbani kimya. Dada yangu alinisomea gazeti kila jioni, nikifuata kwa kidole mstari kwa mstari, na mwezi wa kwanza vijiko ni vilevile. Kwenye mwezi wa tatu alisoma sentensi yenye neno "sasa", nikamsimamisha. Kwa miaka minne neno hilo kwangu lilikuwa "aa" tu. Nilimwomba arudie. Alirudia mara nyingi, sasa, sasa, sasa, tukiwa tunacheka wote wawili, s ikikwaruza kama kiberiti. Na upande huo haupandi wala kushuka tena. Nikiamka najua nitasikia kiasi kilekile cha jana, na hiyo peke yake ingetosha.

Swali: Nina miaka 16. Bado nasikia, lakini wanasema huenda nisisikie baadaye. Nijifunze lugha ya alama sasa au ni kujitabiria mabaya?

Jibu: Jifunze sasa, mwanangu, ukiwa bado unaweza kumsikia mwalimu na huna haraka. Hujitabirii chochote. Unajiongezea lugha, na pamoja nayo unapata marafiki viziwi ambao wataishi nawe bila kukuonea huruma. Usijifunze peke yako. Mshike mtu mmoja wa nyumbani, mama, kaka, yeyote, mwende pamoja, kwa sababu alama zinahitaji mtu wa kuzijibu.

Usiku navua kipandikizi na kifaa cha sikio la pili, naviweka kwenye kikopo chake cha kukaushia, na dunia inazimika kabisa. Mwanangu, ambaye sasa ni kijana, huja mlangoni, huwasha na kuzima taa mara mbili ili nigeuke, kisha husimama pale chini ya balbu na kunisimulia siku yake kwa mikono.